Springi mpya, raba kuukuu: biashara inayowapita wenye maduka ya spea Moshi

Ifikapo Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Segera, Same na Mwanga hujaa magari ya watu wanaokwenda kula Krismasi kwao. Utani kwamba Wachagga hurudi nyumbani "kuhesabiwa" umeshazeeka, lakini kwa wenye maduka ya spea na gereji za Moshi huo si utani hata kidogo. Ni msimu. Majuma hayo machache ndiyo yanayoamua kama hesabu za mwaka zitafungwa kwa faida au kwa madeni.

Katika msimu huo kuna gari moja lisilotoka Dar es Salaam. Liko nyumbani siku zote, Kibosho, Machame, Marangu au Mwika, chini ya banda la mabati kando ya migomba. Ni Benzi ya mzee. Mara nyingi ni ile ya aina ya W123, ambayo kiwanda kiliiingiza sokoni mwaka 1976 na kuacha kuitengeneza mwaka 1986, baada ya kutoa magari karibu milioni 2.7. Watoto wameshakuwa na kazi zao na wanaendesha Noah na Harrier, lakini gari la baba hawataki life. Mwaka huu wameamua litembee tena, angalau lifike kanisani siku ya sikukuu.

Fundi anaitwa. Analizunguka gari, anabonyeza bonde la mbele kwa mikono miwili, anatikisa kichwa: springi zimelala. Fedha zinachangwa kwa simu, springi mpya zinaletwa, zinafungwa, gari linasimama wima na kila mtu anafurahi. Ikifika Pasaka gari limelalia upande wa kushoto, tairi la mbele limeliwa upande wa ndani, na kila shimo linajibiwa na mlio wa chuma kwa chuma. Lawama zote zinaangukia duka lililouza springi. "Ni feki," wanasema.

Mara nyingi springi haina kosa. Kosa liko kwenye kipande cha raba ambacho hakuna aliyekiulizia bei.

Katika gari hilo springi ya mbele imekaa kati ya wishboni ya chini na kikombe cha chuma kilicho sehemu ya bodi. Chini imelala kwenye kitako chake, na mwisho wa waya wake lazima uingie kwenye nafasi iliyotengenezwa. Juu, kati ya springi na chuma cha bodi, huwekwa pete nene ya raba. Kazi ya pete hiyo ni kuzuia chuma kisisage chuma na kunyamazisha mlio. Pia, na hapa ndipo wengi wanapopotea, ndiyo inayopanga urefu wa gari. Kiwanda hakikutengeneza raba ya aina moja. Kilitoa za unene tofauti na kuziwekea vinundu vya kuhesabu: yenye kinundu kimoja ina milimita 8, viwili 13, vitatu 18 na vinne 23. Fundi anayelijua gari hilo huhesabu vinundu vya raba iliyotoka kabla hajaagiza inayoingia. Na kwa kuwa springi imekaa katikati ya mkono wa wishboni, si kwenye gurudumu lenyewe, milimita 5 za raba huonekana kuwa nyingi zaidi ukipima kwenye bonde la gari.

Raba ya miaka 40 haina vinundu tena. Joto, mafuta ya injini na hewa yenyewe vimeikausha. Imepasuka, imebanwa mpaka imekuwa nyembamba kama soli ya kandambili, na mara nyingi upande mmoja umechoka kuliko mwingine. Kufunga springi mpya juu ya raba hiyo ni kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma juu ya msingi wa udongo.

Milima nayo ina hesabu zake. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro liko juu ya mita 1,800. Gari linalopanda huegemeza uzito nyuma. Likishuka, na dereva akikanyaga breki kila kona, uzito wote hukimbilia mbele. Lami ya kushukia Himo inavumilika. Barabara za ndani za vijijini, zenye mawe wakati wa kiangazi na makorongo baada ya masika, ndizo zinazoitafuna raba ya mbele. Gari linaloishi Dar es Salaam linaweza kusamehewa raba mbovu kwa mwaka au miwili. Linaloshuka Kibosho kila Jumapili halisamehewi.

Basi kwa nini mafundi hawaagizi raba? Jibu limo katika historia, wala si uvivu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, nchi ilikaukiwa fedha za kigeni. Spea hazikuwapo madukani, na mwenye nazo nyingi mwaka 1983 aliweza kujikuta akijibu mashtaka ya uhujumu uchumi. Fundi wa wakati ule alikata tairi bovu kwa kisu, akachonga pete, akaiweka, na gari likatembea. Ulikuwa ujuzi wa kuheshimiwa. Lakini kuanzia bajeti ya mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na milango ikazidi kufunguka katika miaka iliyofuata. Leo raba hiyo huagizwa kwa namba yake kutoka Ujerumani, ambako kampuni yenyewe imekuwa na kituo cha magari yake ya kale tangu mwaka 1993, au hununuliwa ya watengenezaji wengine kupitia Dubai na Nairobi. Lililokuwa ujanja wa halali mwaka 1982 limebaki kuwa mazoea tu, na mazoea hayo yana gharama.

Tairi halikutengenezwa kufanya kazi hiyo. Ndani lina nyuzi na waya za chuma, na unene wake haulingani. Waya zikichungulia hukwaruza rangi ya springi, maji huingia kwenye mkwaruzo, kutu huanza, na springi inayokunjwa na kukunjuka maelfu ya mara kwa safari moja hupasukia hapo hapo kwenye kutu. Ndiyo maana springi mpya huweza kukatika ikiwa bado changa, na lawama ikarudi dukani.

Mbaya zaidi ni ule mtindo ulioenea wa kupachika kabari za raba katikati ya mizunguko ya springi ili gari "linyanyuke". Linanyanyuka kweli. Lakini mzunguko uliobanwa umeacha kufanya kazi, iliyobaki inabeba mzigo wake, springi inakuwa ngumu kama jiwe, na mwenye gari analipia shokapu kabla ya wakati wake. Kuna wenye gereji wanaosema mteja ndiye anayetaka. Ni kweli anataka. Anataka kwa sababu hajaambiwa gharama yake.

Hesabu itazamwe. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, wala si bei za soko. Kila mmoja aweke za dukani kwake. Ichukuliwe kwamba jozi ya springi ni shilingi 400,000, jozi ya raba 60,000, ufundi 80,000 na kupima alaimenti 40,000. Kazi kamili inagharimu 580,000. Anayetumia raba ya tairi ya shilingi 5,000 analipa 525,000 na kuondoka akijisifu kwamba ameokoa 55,000. Baada ya miezi michache gari linafunguliwa tena: raba halisi 60,000, ufundi 80,000, alaimenti 40,000. Jumla yake imefika 705,000, yaani 125,000 zaidi ya mwenzake, na tairi lililoliwa halijahesabiwa.

Hiyo ni hesabu ya mwenye gari. Ya mwenye duka inavutia zaidi, na kwa mshangao ndiyo isiyopigwa.

Mfanyabiashara mdogo wa Moshi akiamua kuingia kwenye spea za magari ya zamani, macho yake huenda kwenye vyuma: springi, shokapu, bodi, taa. Ni vitu vinavyoonekana, na mteja akiingia dukani anaviona. Lakini springi za W123 hazifanani. Ya dizeli na ya petroli hutofautiana, na hata magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuhitaji springi tofauti kwa jinsi yalivyotoka kiwandani. Mwenye mtaji wa shilingi milioni 3, kwa bei ile ile ya mfano, atanunua jozi saba na kubakiwa na 200,000. Akibahatika atauza mbili kabla ya sikukuu. Tano zitalala rafuni hadi Desemba nyingine, na fedha iliyolala rafuni haina tofauti na iliyozikwa chini ya mgomba.

Raba ni kinyume chake. Ni nyepesi, haijazi rafu, na aina nne za unene zinahudumia karibu kila mwenye gari hilo. Springi ziagizwe kwa malipo ya awali, mteja akishaleta namba yake. Raba na bushi ndizo ziwekwe dukani. Mteja anayekuta raba akiwa tayari amelifungua gari hana nguvu ya kubishana bei, na asiyeikuta hapo hapo ndiye anayekwenda kutafuta tairi bovu.

Wapo watakaosema Benzi za zamani Moshi na vijiji vyake ni chache mno kulisha duka. Hoja hiyo ina uzito, na anayetaka kuishi kwa Benzi peke yake atakufa njaa. Lakini Corolla, Noah na RAV4 nazo zina springi za koili mbele, na juu ya kila springi kuna kitako cha raba na maunting inayochoka vile vile. Land Rover za springi bapa hazina pete hiyo, ila kila jicho la springi lina bushi yenye raba ndani. Tena magari ya zamani hayapungui thamani kama watu wanavyodhani. Gari kuukuu linapoingizwa nchini leo hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake, kwa hiyo lile ambalo tayari liko uani kwa mzee lina faida ambayo lingine haliwezi kuipata. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha kwa tamasha lao, na mbio za magari ya kale za East African Safari Classic zimekuwapo tangu mwaka 2003. Wenye magari hayo si watu wa kuomba punguzo la shilingi elfu mbili kwenye bushi.

Liko jambo jingine, nalo si la fedha peke yake.

Springi ya mbele ya gari lenye uzito unaozidi kilo 1,300 haitolewi kwa mikono. Imebanwa pale kwa nguvu inayopita robo ya uzito wa gari, na ikiachiwa ghafla huruka kama risasi. Kifaa sahihi cha kuibana katika gari la aina hii ni nondo yenye hesi inayopita katikati ya springi, ikiwa na sahani mbili za chuma zinazoshika mizunguko ya juu na ya chini. Kampuni ya Klann ya Ujerumani hutengeneza kifaa cha namna hiyo. Vile vibano viwili vya kulabu vinavyoning'inizwa nje ya springi vinafaa kwa shokapu la Corolla lililokwisha kutolewa kwenye gari na kulazwa mezani. Katika kikombe cha Benzi havina nafasi ya kukaa vizuri, huteleza. Na gereji zisizo na kifaa chochote hufunga springi kwa mnyororo au waya, zikaweka jeki chini ya wishboni na kuishusha taratibu huku vijana wamesimama mbele yake. Anayelipia mchezo huo ni kijana wa gereji, kwa meno yake, kwa mkono wake, au kwa maisha yake.

Kifaa kizuri ni ghali kwa gereji moja inayofanya kazi hiyo mara chache kwa mwezi. Kwa mwekezaji mdogo hicho ndicho kiini cha biashara. Milioni 3 zile zile za mfano zigawanywe hivi: jozi 30 za raba kwa bei ya jumla ya 40,000 ni milioni 1.2, bushi na raba za vizuizi 600,000, na 1,200,000 zilizobaki zinunue kibanio cha hesi na vile vya kulabu kwa ajili ya Toyota. Kibanio kikikodishwa kwa 30,000 kwa kazi moja, kazi 40 zinakuwa zimerudisha fedha yake. Tena kinakuja na masharti: anayekodi ananunua raba hapo hapo. Wamiliki wa vyerehani, mashine za kukoboa na maturubai ya harusi wamekuwa wakiishi kwa ukodishaji Moshi miaka yote. Kwa nini kibanio cha springi kisiwe kama turubai?

Kishawishi kitakuwa kuchonga kibanio cha bei nafuu kwa mchomeleaji wa jirani. Kishawishi hicho kikataliwe. Nondo ya kawaida ya ujenzi iliyokatwa hesi haiwezi kubeba mzigo huo. Hesi huliwa, na inapoachia huachia mara moja. Kama kuna nia ya kutengeneza hapa hapa, mkoa una chuo cha VETA na ofisi ya SIDO mjini Moshi, na kiwanda cha zana za mashine cha KMTC kule Hai chini ya NDC. Sahani na vipini vinaweza kuchongwa mkoani. Chuma cha nondo yenyewe kinunuliwe chenye daraja linalojulikana, na kifaa kijaribiwe kwa mzigo kabla hakijaonana na mteja.

Kwa mwenye duka, raba ina tabia ya mboga: inaoza, ila polepole. Ukipita kwenye maduka mengi utaona bushi zimetundikwa mlangoni kwenye waya, zinapigwa na jua kutwa nzima. Zinavutia mteja na zinakufa. Jua, joto na hewa ya karibu na mashine za kuchomelea huikausha raba kabla haijaonja barabara. Ikae kwenye boksi, mahali pa giza na pa baridi, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Anayenunua kwa jumla aulize tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji asiyeijua anauza mabaki ya mtu mwingine. Raba nzuri ukiibonyeza kwa ukucha hurudi; ikibaki na alama au ikitoa ufa mdogo, iachwe kwake.

Moshi ina bahati ya kuwa karibu na mpaka wa Holili, ambako tangu mwaka 2016 forodha za pande mbili hufanya kazi katika kituo kimoja. Wengi huvuka kwenda kununua spea Nairobi, katika barabara ya Kirinyaga, wakiamini kwamba kila kitokacho Kenya hakina ushuru. Hapo huumia. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuwa na cheti cha uasilia ndiyo inayosamehewa ushuru wa forodha, na kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti rahisi kinachotolewa pale pale mpakani kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Raba iliyotoka Ujerumani au China ikapumzika Nairobi haijawa ya Kenya kwa kupumzika huko. Asilimia 18 ya VAT nayo haina habari na cheti. Gharama hizi ziingizwe kwenye bei kabla ya kuvuka, zisije zikagunduliwa njiani kurudi.

Kuna jambo moja la ufundi ambalo mwenye duka anapaswa kulisema kila anapouza, maana linaweza kuua raba mpya ndani ya wiki chache. Bushi za wishboni zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Nati zishikizwe tu, gari lishushwe, litikiswe mpaka likae kwenye urefu wake, ndipo zikazwe. Zikikazwa mikono ikiwa imening'inia, raba hubaki imejinyonga kila gari linaposimama, na hupasuka bila hata kutembea sana. Baada ya hapo alaimenti, na upande wa pili wa gari ufanyiwe vile vile, hata kama springi yake inaonekana bado nzima. Mwenye kutaka kubadilisha upande mmoja ajue kwamba amenunua gari la kulalia upande.

Anayetaka kuuza Desemba haagizi Novemba. Mzigo wa Ulaya una wiki zake baharini au bei yake kwa ndege, bandari ina siku zake, na wenye magari huanza kupiga simu kwa mafundi wao mara tu wanapopata uhakika wa likizo. Agosti ndiyo ya kuzungukia gereji za Majengo, Pasua na Kiboriloni na kuuliza swali moja: ni Benzi ngapi, na raba zake zilikuwa na vinundu vingapi? Septemba oda iwe imeondoka.